Steringi Kafa, Kichwa Kimebaki Nusu

Flashi iko mfukoni, imefungwa kwenye funguo za nyumba. Imezunguka nami Tandika mpaka Kariakoo na kurudi, na muvi iliyomo ndani sijaiona hata dakika moja. Lakini naijua. Najua nani kafa, kafa vipi, kafia wapi na nani kamsababishia. Sikuuliza. Nimeambiwa, tena nimeambiwa na mtu aliyeshika mashine juu ya utosi wangu, mahali ambapo mwanaume hana uhuru wa kunyanyuka na kuondoka.

Nieleweke. Mimi si mtu wa makuu. Naomba Jumamosi moja, luku ikiwa na uniti, watoto wamelala, mama watoto kamaliza tamthilia zake za Waturuki, nikae kwenye kiti changu chenye mguu mmoja mfupi niangalie muvi ambayo sijui mwisho wake. Hilo tu. Kijana wa banda la muvi aliniingizia kwa buku, akaniapia kwamba hii ni kazi. Wakorea waliitoa 2016, inaitwa Train to Busan. "Ya siku nyingi kidogo mzee wangu, lakini haichachi." Akaniuliza kama nataka iliyotafsiriwa au isiyoguswa. Nikasema isiyoguswa, na sababu nitaieleza mbele ya safari kama sitakuwa nimesahau.

Basi mchana nikaenda kunyoa. Mtu mwenye heshima zake haangalii muvi ya maana na kichwa kimechafuka.

Kinyozi wangu ni fundi, sikatai. Akikuchonga pembeni, ukirudi nyumbani unaulizwa unakwenda kwa nani. Ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kusimulia kwa mdomo peke yake. Simulizi ikimpanda, mikono inataka kushiriki, na mikono yake saa za kazi huwa na mashine.

Akaiona flashi kwenye funguo. "Bosi wangu, leo unaangalia nini?"

"Ya Wakorea. Ya treni."

Mashine ikazimwa. "Ya mazombi? Ile ya baba na mtoto? Aisee!"

"Sijaiangalia bado," nikasema. Nilisema kwa sauti. Watu wa kwenye benchi ni mashahidi wangu.

"Ondoa shaka bosi, sikumalizii. Nakupa mwanzo tu."

Mwanzo tu. Nikainamishwa kichwa, mwanzo ukaanza. Kuna baba anafanya kazi ya kuzungusha hela za watu, bize kila saa, kaachana na mkewe. Binti yake mdogo anataka kwenda kwa mama yake Busan, ni siku yake ya kuzaliwa. Wanapanda treni Seoul alfajiri. Treni inataka kuondoka tu, dada mmoja anaruka ndani, mguu umeng'atwa. "Sasa bosi, utazame ule mguu!" Nitautazamaje, kidevu changu kimegusa kifua? Nilichokuwa nautazama ni mguu wake yeye, ndala ya bluu, unachechemea kuonyesha dada alivyochechemea.

Mwanzo haukuisha. Ukaingia katikati bila kupiga hodi.

"Humo ndani kuna bonge moja la mtu, bosi. Mke wake mjamzito. Huyo ndiye mwanaume! Wale wanakuja, yeye kajifunga selotepu mikononi, anawapokea kwa ngumi." Akajizungushia taulo mkononi. Taulo langu. Akaanza kuwapokea. Kulia ngumi, kushoto ngumi, na mashine imewashwa inanguruma, ikapita karibu na sikio langu nikasikia upepo. Nikamwambia, "Kaka, taratibu, sikio hilo." Akasema, "Hawaji taratibu hao, bosi! Wanakuja kwa kasi!"

Kisha tukafika mlangoni. Nasema tukafika kwa sababu mlango nilikuwa mimi. Bonge akashika mlango ili wenzake wapate kukimbia, na kinyozi akanishika kichwa, mkono mmoja kisogoni, mwingine kwenye paji, mguu kaukandamiza kwenye kiti, mishipa imemtoka shingoni. "Wanamng'ata mikono lakini haachii! Mke wake analia, haachii!"

"Niachie," nikasema.

"Haachii, bosi!"

Hapo ndipo umeme ukakatika.

Mnajua ile sauti. Feni inapunguza, mashine inakoroma mara moja na kunyamaza, na mtaa mzima unasema "aaah" kwa pamoja bila mwalimu wa kwaya. Nikajitazama kwenye kioo. Upande wa kulia nilikuwa meneja wa benki. Upande wa kushoto nilikuwa mtu anayetafutwa na ndugu zake. Kinyozi akakung'uta mashine, akasogeza stuli, akakaa. "Hata hivyo," akasema kwa furaha ambayo sitaisahau, "nilikuwa nakaribia penyewe."

Penyewe ni kwamba mazombi wale gizani hawaoni. Treni ikiingia kwenye handaki, wanazubaa, na watu wanapita juu yao kwa kutambaa kwenye vichanja vya mizigo.

Mzee mmoja kwenye benchi, alikuja kunyoa ndevu tu, akainua kichwa. "Gizani hawaoni kabisa?"

"Kabisa, mzee."

"Basi huku kwetu wasingefika popote."

Siku nzima ile hilo ndilo neno pekee la maana lililosemwa. Na kaeni mlifikirie: nchi ya watu inaliwa, vituo vya treni vimejaa maiti zinazokimbia, jeshi lenyewe limegeuka, lakini taa za mabehewa zinawaka na treni inatembea. Mimi huku hakuna aliyeng'atwa, na nimekaa kichwa nusu.

Mzee akaendelea. Akasema wale si kitu kigeni, ni misukule, hata kwao enzi hizo walikuwepo. Kijana wa bodaboda akabisha: msukule hana mbio hizo, msukule analimishwa usiku, anapewa pumba, anarudi kulala. Mzee akajibu kwamba hiyo ni ya shamba, ya treni inaweza kuwa tofauti. Likazuka zogo. Nikajaribu kusema kwamba mimi hapa nimenyolewa nusu, hakuna aliyenisikia, kila mtu alikuwa anapanga misukule kwa mikoa.

Halafu yule bodaboda akasema yeye aliangalia iliyotafsiriwa, na kwenye yake treni ni SGR, na ule mji wa katikati, Daejeon, ambako wanajeshi wamegeuka mazombi, DJ aliyeitafsiri kauita Morogoro. Msafara umeshuka Morogoro, ukakuta wanajeshi wa Morogoro wana njaa. Benchi zima likacheka. Mnaona sasa kwa nini nilichukua isiyoguswa? Sina dharau na watafsiri. Tangu enzi za Lufufu, mkongwe wao, wametuonyesha dunia sisi tuliokaa chini kwenye vibanda umiza, na bila wao hadi leo tungekuwa tunajua Mchina kakasirika lakini hatujui nani kamuua baba yake. Ila hawa wa siku hizi! Mama anazika mtoto, mvua inanyesha, DJ anawasalimia washikaji zake wa Mbagala Rangi Tatu. Wapenzi wanaagana uwanja wa ndege, DJ anataja namba yake ya simu na bei ya jumla.

Nimeacha wapi? Kwenye stuli. Kinyozi kaona ukumbi umechangamka, akashusha sauti. "Sasa bosi, sikumalizii. Ila steringi anakufa."

Niliruka. Kitambaa cha shingoni kikanirudisha.

Steringi hafi! Hii ndiyo sheria tuliyokua nayo. Hatukuifundishwa shuleni, tuliilipia. Steringi anaingia kambi ya maadui mia na bunduki moja, Schwarzenegger au mwingine yeyote, anamiminiwa risasi, miti inakatika, maghala yanalipuka, yeye anatoka na mchubuko mmoja begani ambao dada mzuri atamfunga kitambaa. Adui hana shabaha, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Tulisimama kwenye joto, pua kwenye kwapa la mtu tusiyemjua, kwa sababu nje ya pale kila mtu alikuwa anaweza kufa, lakini mle ndani kuna mmoja ana dhamana. Sasa Wakorea wametoka huko na akili zao, wamemchukua baba wa mtoto, katubu ubize wake, kajifunza kuwapenda watu, wakamuua!

"Nani kamuua?" akauliza mzee. Wamesahau kabisa kwamba mimi ndiye mwenye muvi.

"Kuna jamaa mmoja mbinafsi, muda wote anasukuma wenzake waliwe ili yeye apone. Bosi wa kampuni ya mabasi."

"Bosi wa mabasi!" Benchi likaguna kwa pamoja. Mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyoa, ambaye alikuwa hajatamka kitu, akasema, "Hapo umenimalizia. Sina swali." Ni mtu wa Bukoba, kila Desemba anasafiri.

Ndipo akatokea mwanasheria. Hakosekani. Jamaa wa duka la jirani, kaja kukaa tu, akaniambia nisilalamike, kujua mwisho hakuharibu muvi, mbona Titanic ya 1997 kila mtu alijua meli inazama na bado dunia ilijaa kumbini na vitambaa? Nikamwambia ndugu yangu, meli ilizama 1912. Magazeti yaliandika. Ilikuwa na miaka themanini na zaidi chini ya maji wakati tiketi zinauzwa. Baba huyu mimi kwangu alikuwa mzima! Alikuwa mzima mpaka saa tisa na nusu leo mchana! Nilikuwa nimemhifadhi hapa, mfukoni, hana jeraha, hata treni hajapanda, na nyinyi mmemuua mbele yangu nikiwa nimefungwa kitambaa shingoni!

Kimya. Nadhani nilipaza sauti kidogo.

Kinyozi hakunyamaza, alifikiri naomba sehemu iliyobaki. Akanipa. Mtoto na yule mjamzito wanatembea kwenye handaki, upande wa pili wanajeshi wamelenga bunduki, hawajui hao ni watu au ni wale, amri imetoka wapigwe. Mtoto anaimba, ule wimbo alioshindwa kuumaliza shuleni kwa sababu baba yake hakuwepo. Sasa anaumaliza huku analia. Na kinyozi akaimba. Wimbo wenyewe haujui, akaweka maneno yake. Sauti ikamkatika. Alilia, jamani, mtu mzima na kitana mkononi. Mtoto wa yule mama wa Bukoba naye akaanza, mzee akajifanya anasafisha miwani, na mimi mwenyewe, wallahi, pua ilianza kuwasha.

Umeme haukurudi. Nikasimama, nikauliza bei. Akataja bei kamili.

"Kichwa nusu, hela nzima?"

"Na muvi je, bosi?"

Mzee akaniazima kofia yake. Mungu ampe umri.

Wala si kinyozi peke yake anayemalizia watu muvi. Ofisini kuna binti anaangalia sizoni usiku, asubuhi kaweka steitasi: "Kwa nini wamemuua fulani?" na picha. Kwenye daladala kuna wanaoangalia bila spika za masikioni, tunashuka wote tumefiwa. Yule mzee, tukitoka, alinishika bega akanipa na ya kwake: zamani kwenye kumbi za sinema za Empire na Avalon, na ile ya kuangalia ukiwa ndani ya gari kule Msasani palipo na ubalozi wa Marekani leo, watu walirudia picha mpaka wakawa wanamtangulia steringi kusema maneno yake, na hakuna aliyekasirika. Sikumbishia. Nilikuwa nimevaa kofia yake.

Muvi pekee niliyoiangalia kwa amani karibuni ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021. Zanzibar ya miaka ya hamsini, mapenzi na siasa vimesukwa pamoja, picha zimetulia mpaka nikasahau kulalamika. Hakuna aliyenimalizia, kwa sababu waliokisoma kitabu cha Adam Shafi kidato cha tano walikisoma kwa ajili ya mtihani. Hizi nyingine za kwetu zenyewe huwezi kumaliziwa hata ukitaka, haziishi. Gari linapiga honi getini, mlinzi anatoka, anafungua, gari linaingia, mlinzi anafunga, tunamsindikiza hadi kwenye kiti chake. Mwanamke kakaa peke yake chumbani anapanga uovu kwa sauti kubwa, na nyumba ina watu. Simu inaita, anashtuka: nunua sehemu ya pili.

Mama mkwe anazipenda hizo. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita, kaja kutoka Korogwe kutazamwa macho, na kwa macho hayo hayo anayotazamwa hakosi kipindi. Anazungumza nao. "Usinywe hiyo juisi! Mwanangu, usinywe!" Anakunywa. "Haya, kufa basi." Juzi katikati ya msiba akanigeukia, sauti ya upole kabisa, akaniuliza mbona watu hawa wote wana makochi mazuri vile, hata maskini wao, na mimi na kazi yangu ya mjini nimemkalisha mtoto wake kwenye mkeka. Nikamwambia mama, hayo makochi ni ya kuazima. Akasema, "Basi si uazime na wewe, baba." Sasa niazime kwa nani? Na nikishaazima, kochi la watu saba, lile lenye kona, lipite mlango gani? Chumba chetu kitanda chenyewe kiliingia kwa kukatwa miguu.