Io unastahili chombo chake

Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, una volkeno hai zaidi ya 400 zilizokwisha kutambuliwa. Kipenyo chake ni kilomita 3,640 hivi, mkubwa kidogo tu kuliko Mwezi wetu, na bado hakuna mahali pengine katika mfumo wa Jua panapolipuka kwa wingi kama huo. Lakini mpaka leo hakijarushwa chombo cha anga hata kimoja kwa ajili yake. Vyombo vya Marekani vilivyofika huko, Voyager, Galileo na Juno, vyote vilikuwa na kazi nyingine, Io ukapigwa picha njiani. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, na linaendelea kurudiwa.

Mwaka 2020 NASA, shirika la anga la Marekani, iliuingiza mradi wa kwenda Io katika orodha fupi ya miradi minne. Juni 2021 ikachagua miwili, yote ya kwenda Zuhura. Baadaye zikaruka JUICE ya Ulaya (Aprili 2023) na Europa Clipper (Oktoba 2024), zote zikilenga miezi ya barafu ya Mshtarii, kama Europa na Ganymede, kwa kuwa penye maji huenda pakawa na uhai. Hoja hiyo ina uzito. Lakini joto linalodhaniwa kuzuia maji ya Europa yasigande linatoka kwenye chanzo kile kile kinachoyeyusha miamba ya Io, na ni Io ambako chanzo hicho kinafanya kazi hadharani.

Chanzo chenyewe ni mzingo, yaani njia ambayo Io hufuata kuizunguka Mshtarii. Io humaliza mzunguko mmoja kwa saa 42 na nusu. Ukizunguka mara nne, Europa huzunguka mara mbili na Ganymede mara moja, kwa hiyo mivuto yao huusukuma Io kwa mpangilio ule ule kila mara, na mzingo wake haupati nafasi ya kuwa duara kamili. Ukikaribia Mshtarii unavutwa na kurefuka, ukijitenga unalegea. Anayeishi Unguja anajua bamvua inavyopandisha maji mita nne hivi. Io hauna bahari: kinachojaa na kupwa ni mwamba, unaokadiriwa kupanda hadi mita 100, na msuguano wake ndani ndio joto. Wanasayansi Peale, Cassen na Reynolds walilieleza hilo katika makala iliyotoka tarehe 2 Machi 1979. Tarehe 9 mwezi huo huo, Linda Morabito, mhandisi wa safari ya Voyager, aliona wingu la volkeno likichomoza ukingoni mwa Io, katika picha ambayo Voyager 1 iliipiga kwa ajili ya kuongozea safari tu.

Tatizo ni kipimo. Chukua jotoridi la lava. Mwaka 1997 Galileo iliona mlipuko wa Pillan, volkeno ya Io, na hesabu za mwanzo zikatoa zaidi ya nyuzi 1,600 za Selsiasi. Baadaye zikashushwa hadi 1,340 hivi. Tofauti hiyo si ndogo, maana 1,600 ingedai tumbo la Io liwe limeyeyuka kupita kiasi, ilhali 1,340 haiko mbali sana na basalti, lava ya kawaida ya Dunia, inayotoka kwenye nyuzi 1,200 hivi. Lava ikifika juu hupoa kwa mamia ya nyuzi ndani ya sekunde chache. Kamera ikipiga kwa chujio la rangi moja, kisha ikabadili chujio na kupiga tena, inalinganisha vitu viwili tofauti. Tena Novemba 1999, chemchemi ya lava ya Tvashtar, volkeno nyingine ya Io, ilikuwa kali kiasi cha kuizidi nguvu kamera ya Galileo. Inahitajika kamera inayopima rangi kadhaa karibu kwa wakati mmoja, inayopokea mwanga kwa muda mfupi sana kila picha.

Ubishi mkubwa zaidi ni kuhusu kilichomo chini. Mwaka 2011 vipimo vya sumaku vya Galileo vilitafsiriwa kuwa kuna tabaka la magma (mwamba ulioyeyuka) lenye unene wa zaidi ya kilomita 50. Juno ikapita kilomita 1,500 tu kutoka Io, Desemba 2023 na Februari 2024, na vipimo vya mvuto vikaonyesha kwamba hakuna bahari ya magma iliyoenea mwezi mzima karibu na uso. Majibu mawili hayo bado hayajapatanishwa.

Wanaopinga husema mionzi ya Mshtarii itakiua chombo. Ni kweli inaumiza: kabla ya kupita huko Desemba 2023, wahandisi walilazimika kuipasha moto kamera ya Juno ili picha zirudi kuwa safi. Lakini Juno imeonyesha pia namna ya kuikwepa: mzingo mrefu unaopita juu ya ncha za Mshtarii, kuingia na kutoka upesi, kisha kukaa mbali kwa wiki kadhaa. Kamera niliyoieleza, kipimasumaku na redio ya kupimia mvuto, vikipitishwa karibu na Io mara kumi hivi, Io ukiwa sehemu tofauti za mzingo wake, vitatosha kuonyesha mwamba ulioyeyuka umekaa wapi.