Kunywa maji ya Tanga kisha uende Amani na baiskeli

Jumamosi nimepanda Amani, kule juu milima ya Usambara Mashariki, na baiskeli na naomba niseme mapema kabisa, sikukosa nauli. Nasema hivi maana hilo swali nimeulizwa njia nzima, nimeanza kuulizwa na konda wa kosta aliyenifungia baiskeli kwenye keria ya juu kutoka Tanga hadi Muheza, akaja muuza machungwa pale stendi, akaja na bodaboda mmoja hivi kijana mwenye huruma kweli alinisindikiza kama nusu kilomita akiniambia "kaka panda tu, baiskeli tutaifunga nyuma, hela utanipa siku nyingine."

Watu wa Tanga tuna mambo bana. Mji mzima baiskeli, mama ana mtoto nyuma na ndoo mbele, mzee anatoka msikitini alfajiri na baiskeli, watu wanaenda kazini na mitumba ya Kijapani yenye kikapu, lakini mtu akisema anaendesha kwa starehe tu, tena mlimani, basi watu wanajua ameachika au amefukuzwa kazi.

Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita kama 36 na nusu ya kwanza haina ubaya, inapanda inashuka, mashamba ya machungwa, minazi, watoto wanakimbia nyuma yako wanapiga kelele, halafu unaingia kwenye mitiki ya Longuza, miti imepangwa mistari kama wanafunzi wa paredi na chini majani makavu makubwa kama sinia yanapasuka tairi ikipita juu yake. Pazuri kwa macho. Ila usikie kulivyo kimya, ndege hakuna kabisa. Ukiwa kwenye gari huwezi kulijua hilo, mimi nimelijua kwa sababu kilomita chache mbele ulipoanza msitu wenyewe zilikuja kelele nyingi nikasimama kwanza nikidhani kuna kitu kimelegea kwenye baiskeli.

Hapo kijiji cha Kisiwani ndio unaanza kumsikia mto Sigi, wengine tunauita Zigi, ni huyo huyo. Na hapa ndipo lilipo jambo langu.

Maji ya bombani Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani inajazwa na huu mto, na huu mto unatoka kwenye hii milima ya Usambara Mashariki. Tulifundishwa shule, tukaandika kwenye mtihani, tukapata vema, basi. Lakini kuandika ni kitu kingine na kupanda kando yake saa nne nzima ni kingine, maana kwenye baiskeli kila kijito kinachokatiza barabara unakiona, unakivuka, kingine unakilowana mpaka kwenye soksi, na kila kimoja kinakimbilia kule chini kwenye ndoo yako. Nilianza kuvihesabu, nikafika 14 nikachoka, pumzi zenyewe nilikuwa nazitafuta.

Mahali penyewe panapoitwa Sigi, kama mto, pana geti la hifadhi ya msitu, unalipa, unaandika jina. Nyumba ya wageni wanapopokelewa ilikuwa ya stesheni masta enzi za Wajerumani, maana reli ilifika hadi hapa ikitokea Tengeni, ilikuwa inafuata magogo. Nilikaa barazani pale nikala ndizi mbili nikawa nawaza tu, msitu umepelekewa treni kabisa uje kubebwa, na bado upo, aisee. Kuna ua dogo la zambarau linaitwa Saintpaulia, Wazungu wanalifuga kwenye vikopo madirishani dunia nzima, lilichukuliwa milima hii mwaka 1892. Huku liko zake tu kwenye mawe yenye maji, hamna anayeliangalia.

Kutoka hapo ndio mlima. Muheza iko kama mita 200 tu juu ya bahari na Amani inakaribia 900, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti wameiweka hapa, kona juu ya kona, mawe yanateleza, gia yangu ndogo kuliko zote bado kubwa. Nimesukuma sana, sioni aibu. Kuna mahali nimekutana na mzee anashuka na mikungu minne ya ndizi nyuma, baiskeli ya chuma ile nzito, breki hana, anabana tairi kwa kandambili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniangalia, akaiangalia baiskeli yangu yenye gia 21 niliyokuwa naiburuza kama mbuzi, akauliza "umebeba nini?" Nikamwambia sijabeba kitu mzee. Akasema pole.

Ilivyoniuma ile pole! Ila nikaja kuongea naye vizuri, akanionyesha bonde anakolima, iliki na mdalasini kidogo chini ya miti na migomba pembeni, akasema kule karibu na mto ameshaambiwa asilime, sheria inasema mita 60 kutoka ukingoni. Hakulalamika, alisema tu kama anavyosema mtu habari za mvua. Mimi ndio nikajisikia vibaya, kwa sababu zile mita 60 ambazo yeye halimi ndizo ninazokunywa mimi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa watu kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, mjini tukashangilia, na mimi pia nilishangilia, mabomba yanahitajika sana. Lakini kwa maoni yangu mtu kama huyu angetakiwa awe wa kwanza kwenye foleni ya kufikiriwa, kabla hata ya mabomba. Bomba bila huyu mzee ni chuma tu. Na kama sio yeye na wenzie, pale wachimba dhahabu walipovamia Sakale, huku huku milimani, miaka ile ya 2003, nani alibaki na mto uliochafuka? Sisi tulisema tu maji yamekuwa mekundu, tukachemsha.

Amani juu kuna ubaridi wa kweli, ukungu unaingia hadi kwenye kikombe. Nimekula maharage na chapati tatu na chai ya iliki, nikapita bustani ya miti waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902, mikubwa kupita kiasi. Kuna mmoja unaitwa Maesopsis, wa kuletwa, sasa umeingia msituni umejisambazia mwenyewe, ndege hondohondo wanakula matunda wanaenda kumwaga mbegu mbali huko. Wanaojua misitu hawaupendi. Hondohondo naona wanaupenda.

Kushuka jamani msidanganywe, ndio kazi kuliko kupanda. Manyunyu yameanza, barabara sabuni, raba za breki zimeisha zote mbili, vidole vimekufa ganzi mpaka nikawa nasimama kila kona navikunja kimoja kimoja. Nikaishia na mimi kubana tairi kwa kiatu kama yule mzee, tofauti ni kwamba mzee hakuanguka. Pancha moja, kiraka nilikuwa nacho, pampu nimeazima.

Nyumbani nimefika saa mbili usiku, baiskeli huioni rangi kwa tope, nikafungua bomba la uani nikaanza kuiosha, tope la Amani linatoka taratibu, nikawa nimesimama tu naangalia yale maji. Dada ninayepanga naye akachungulia dirishani. "We! Funga hilo bomba, au bili ya mwezi huu unalipa peke yako?"