Rapa na prodyuza ni watu wawili, hata wakiishi mwili mmoja

Msanii huru anayechana na kujitengenezea biti husifiwa kwa kutohitaji mtu. Kwangu sifa hiyo haina uzito. Faida yake ya kweli iko kwenye haki: wimbo ukikamilika, kila kitu kiko mikononi mwake kabla hajaweka saini popote. RZA, Q-Tip, J Dilla, MF DOOM na El-P wote walishika maiki na kutengeneza midundo, na wote waliwatengenezea biti wasanii wengine pia. Wengi wanaofuata njia hiyo leo hujiendesha kama mtu mmoja, na hapo ndipo fedha na sauti vinapopotea. Nashauri rapa na prodyuza wako wachukuliwe kama washirika wawili, kila mmoja na makubaliano yake, siku zake za kazi, mafaili yake, na haki ya kumkatalia mwenzake.

Anza na karatasi. Kila wimbo una mali mbili: utunzi, yaani mashairi na muziki wenyewe, na rekodi, ile masta inayosikika. Mazoea ya hip hop ni nusu ya utunzi kwenda kwa mwenye biti na nusu kwa waandishi wa mashairi. Ukiwa peke yako unachukua asilimia 100 na hakuna ugomvi. Ugomvi huanza anapokuja mgeni wa vesi moja. Watu wawili studio, basi wanagawana pasu kwa pasu, na prodyuza anasahaulika kwa sababu amevaa uso wa rapa. Hesabu iliyo sawa hutenga nusu ya biti kwanza. Wimbo ukiwa na vesi tatu na mgeni ameandika moja, stahili yake ni theluthi ya nusu ya mashairi, karibu asilimia 17 ya utunzi wote. Ukiona ametunga na kiitikio, pandisha asilimia yake. Rekodi ni mazungumzo mengine kabisa: anaweza kulipwa mara moja, au akapewa asilimia ya mapato. Yaandikwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika: jina halisi, jina la kisanii, alichofanya kila mmoja, asilimia, tarehe, saini. Ukurasa mmoja unatosha. Wimbo ukishaanza kuchezwa, kila mtu hukumbuka mchango wake ukiwa mkubwa zaidi.

Kisha kuna kukusanya, ambako wasanii huru huacha fedha nyingi bila kujua. Msambazaji anayepeleka nyimbo kwenye majukwaa hukulipa mapato ya rekodi. Mirabaha ya utunzi hupitia vyombo vingine, na usipojiandikisha haikufuati nyumbani. Marekani, kwa mfano, ASCAP na BMI hukusanya mirabaha ya utumbuizaji, yaani wimbo unapochezwa hadharani, huku mirabaha ya nakala kutoka majukwaa ya kusikiliza mtandaoni ikipitia The MLC, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2021. SoundExchange nayo hukusanya za rekodi kutoka redio za mtandaoni na za setilaiti, ikigawa asilimia 50 kwa mmiliki wa rekodi, 45 kwa msanii mkuu na 5 kwa wanamuziki wengine. Msanii huru ni mmiliki na pia ni msanii mkuu, kwa hiyo lazima ajiandikishe kwa nafasi zote mbili. Akijiandikisha kama msanii tu, nusu yake inabaki inasubiri mwenyewe. Nchi nyingine zina vyombo vyao, lakini swali la kuuliza ni lile lile: nani anakusanya ya utunzi, nani ya rekodi, na jina langu liko kwa wote?

Sasa sauti, ambako washirika hawa wawili huumizana zaidi. Prodyuza anayejitengenezea ana kasumba ya kujaza. Alitengeneza biti bila sauti ya mtu ndani yake, akaifurahia ikiwa hivyo, na sasa kila kinanda kina mtetezi. Biti inayokamilika bila rapa haina pa kumweka rapa. Maneno husikika vizuri zaidi kwenye masafa kati ya hertz 1,000 na 4,000, na humo humo ndimo kinanda, sinthi na mlio wa sneya (ile ngoma ya mlio mkali) vinapoishi. Tiba ina mpangilio wake. Kwanza nyamazisha ala moja kwenye vesi na uirudishe kwenye kiitikio. Haitoshi? Shusha melodi oktava moja. Ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha masafa, ije mwisho, ikipunguza desibeli 2 au 3 karibu na hertz 2,500, na iwe inajibana tu sauti inapoingia. Wengi huanza na ikwalaiza, na ndiyo maana biti zao huishia kukosa mwili wakati maneno bado hayasikiki.

Vifaa vya zamani vilitoa nidhamu hiyo bila kuulizwa. E-mu SP-1200, mashine ya mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya kusampo, yaani kunasa vipande vya sauti, ya sekunde 10 hivi. Maprodyuza walicheza sahani ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45 ili ichukue nafasi ndogo, kisha wakaishusha ndani ya mashine, na mkwaruzo uliobaki ukageuka kuwa ladha. Kompyuta ya leo haina ukomo huo, basi ujiwekee mwenyewe: kwangu, vesi ikiwa na zaidi ya ngoma, besi na vitu viwili, naanza kuitilia shaka.

Besi ina matatizo yake. Mlio wa 808, uliotokana na mashine ya ngoma ya Roland TR-808 iliyotengenezwa kati ya 1980 na 1983, lazima utuniwe kwenye ufunguo wa biti. Sampuli nyingi hufika zikiwa nje ya noti kidogo, na sikio hulaumu sauti ya rapa kumbe kosa liko chini. Noti ya E ya chini kabisa kwenye besi ni hertz 41, na spika ya simu haiwezi kuitoa. Kuongeza sauti ya besi hakusaidii, kunakula nafasi ya masta tu. Kinachosaidia ni kuikwaruza kidogo kwa sachuresheni ili izalishe harmoniki za juu, kwenye hertz mia kadhaa, ambazo simu inaweza kuzitoa. Kiki (ngoma nzito) na 808 zikianza pamoja, geuza polariti ya moja, yaani mwelekeo wa wimbi lake, kisha sikiliza: upande wenye kishindo zaidi ndio sahihi. Fupisha kiki, na kila kilicho chini ya hertz 100 kiache katikati, mono.

Kasi iamuliwe kabla ya kuandika. Baa 16 kwa mapigo 90 kwa dakika huchukua sekunde 42.7. Prodyuza akipandisha hadi 96 usiku kwa kuwa inachangamsha, zinabaki 40. Sekunde hizo karibu tatu ndizo zilizokuwa pumzi za rapa. Mistari inabaki ile ile, ila sasa anachana akikimbizwa, na silabi za mwisho zinamezwa. Kama kasi ni lazima ibadilike, mistari nayo ipunguzwe.

Siku ya kurekodi isiwe siku ya kutengeneza biti. Masikio yaliyochoka kwa saa sita za haihati hayawezi kuhukumu sauti. Biti iingizwe kama faili moja la stereo, programu za sauti zifungwe, bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa) ishushwe hadi 64 au 128 ili usijisikie ukichelewa kwenye hedifoni; wakati wa kumiksi ipandishe tena 512 au 1,024. Rekodi kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha kidijitali, si mdundo), vilele vya sauti viwe kati ya desibeli -12 na -6. Hakuna tuzo ya kugusa sifuri. Kaa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, kichujio cha pumzi kikiwa katikati. Kurekodi ndani ya kabati la nguo, lile linalosifiwa mitandaoni, huua mwangwi wa juu na kuacha mvumo wa boksi kati ya hertz 200 na 400. Katikati ya chumba chenye zulia, na blanketi zito nyuma yako, mara nyingi hushinda. Vesi kuu chukua mara tatu nzima kabla ya kuanza kuunganisha vipande. Sauti za kudabo, zinazorudia juu ya sauti kuu, ziwe za maneno ya mwisho wa mistari, si vesi yote, na adlibu (vijineno vya pembeni) ziingie zikiwa chini.

Hapa naingiza mtu wa tatu, na ndipo wengi wanapokataa. Mimi naona ukirap na kutengeneza biti, usimiksi mwenyewe nyimbo unazozitegemea. Umezisikia mara nyingi mno. Unayajua maneno, kwa hiyo hutagundua yasiposikika. Mpe mhandisi mwingine, au kama mfuko hauruhusu, mpe rafiki asiyewahi kuusikia wimbo aandike vesi ya kwanza kwa kusikiliza mara moja. Anapokosea ndipo miksi ilipokosea. Ukimpelekea mhandisi, kila traki ianzie sekunde sifuri hata kama ni kimya, ziwe WAV za biti 24, bila limita (kizuizi cha vilele) kwenye chaneli kuu, zikiwa na jina, kasi na ufunguo. Mwangwi wa makusudi upelekwe kama traki ya pekee.

Kuhusu ukubwa wa sauti, watu husoma kwamba Spotify husawazisha kwa LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na kudhani ndipo masta inapotakiwa kufika. Hapana, hapo ndipo jukwaa linapokushusha. Hip hop nyingi humastiwa juu zaidi ya hapo. Cha kuogopa ni vilele: acha desibeli 1 ya nafasi, au 2 kama masta ina sauti kubwa, la sivyo faili likibanwa litapasuka kwenye sneya.

Kwenye kipato nitasema bila kuzunguka: katika miaka ya mwanzo prodyuza ndiye atamlipia rapa. Tangu 2024, wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mapato ya rekodi na Spotify, na usikilizwaji wenyewe huhesabiwa baada ya sekunde 30. Biti moja iliyokodishwa huweza kuzidi mapato ya nyimbo kadhaa. Lakini tenga stoo mbili: biti za kuuza na biti zako. Leseni isiyo ya kipekee itaje aina ya faili, muda, ukomo wa usikilizwaji, nusu yako ya utunzi, na kipengele ambacho wengi hukiacha, kwamba mnunuzi haruhusiwi kuisajili biti kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki wenye mmiliki. Akiisajili, mfumo unaweza kuzidai au kuzifungia video za wanunuzi wako wote wengine, na wewe mwenyewe ukichana juu ya biti yako utadaiwa. Lupu za vifurushi zilizouzwa kwa kila mtu zina shida hiyo hiyo: kuzitumia ni halali, kuzisajili kama zako pekee si halali.

Sampuli kutoka rekodi za watu zinahitaji ruhusa mbili, ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Ile hadithi ya kwamba sekunde chache hazina shida ipuuzwe. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie na kampuni yake katika kesi ya sampuli, na tangu hapo hakuna mwanasheria makini anayekushauri kubahatisha. Ukipiga upya melodi kwa ala zako, unabaki na ruhusa moja tu ya kutafuta, ya utunzi.

Kutoa wimbo hakuhitaji maneno mengi. Pakia wiki nne kabla, jalada la pikseli 3,000 kwa 3,000. Pendekezo kwa wahariri wa Spotify lifike angalau siku saba kabla ya tarehe. Toleo safi la redio, lisilo na matusi, lipewe ISRC yake, yaani namba ya utambulisho wa rekodi. Ukihama msambazaji, tumia faili lile lile, majina yale yale na ISRC zile zile, na usiondoe la zamani mpaka jipya limeonekana, vinginevyo hesabu zinaanza upya. Anayekuahidi idadi maalumu ya usikilizwaji kwa malipo anakuuzia roboti. Majukwaa huwatoza wasambazaji kwa nyimbo za aina hiyo, nao hukurudishia bili au huuondoa wimbo.

Wasikilizaji wachache wanaonunua moja kwa moja wana thamani kuliko wengi wanaopita. Rapa Nipsey Hussle mwaka 2013 aliuza nakala 1,000 za mixtape kwa dola 100 kila moja, ilhali mixtape hiyo ilipatikana bure mtandaoni. Bandcamp, tovuti ambako msanii humuuzia msikilizaji moja kwa moja, hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali na 10 ya bidhaa. Linganisha na unachopata kwingine kisha uamue wapi pa kuwaelekeza.

Kabla ya kufunga mradi, prodyuza atoe matoleo matano ya kila wimbo: kamili, safi, biti tupu, sauti peke yake, na la jukwaani lenye kiitikio na adlibu lakini bila vesi. Hilo la mwisho hukuokoa na aibu ya kuchana juu ya sauti yako mwenyewe mbele ya watu. Biti tupu na toleo safi ndivyo huulizwa kwanza na wanaotafuta muziki wa filamu na matangazo, kwa kawaida wakiwa na haraka, pamoja na swali kama sampuli zote zina ruhusa na nani anaweza kusaini kwa niaba ya pande zote mbili, utunzi na rekodi. Ukiweza kujibu siku hiyo hiyo kwamba msainiji ni mmoja tu, umewapita wengi wenye majina makubwa kuliko lako.