Pesa za ulemavu Uganda: zimfuate nani?

Mgeni anayefika mpaka wa Busia kwa mara ya kwanza huona baiskeli za magurudumu matatu kabla hajaona jengo la forodha. Zimejazwa magunia, katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya kupikia hadi mwendeshaji haonekani vizuri, naye ni mtu asiyeweza kutembea, anayenyonga pedeli kwa mikono huku vijana wawili wakimsukuma kwa nyuma. Kazi hiyo ni ya miaka mingi na imesomesha watoto wengi upande huu na upande wa Kenya. Mpaka huu ndio uliozaa neno bodaboda, kwa hiyo si ajabu kwamba watu wake waligeuza hata baiskeli ya kutembelea kuwa chombo cha mizigo.

Hatua chache nyuma ya barabara hiyo kuna mama anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, kwenye meza ya mbao. Wenzake hufungua biashara alfajiri; yeye hufungua saa nne. Mwanawe wa miaka tisa alizaliwa na ugonjwa wa kupooza wa ubongo, hakai bila kuegemezwa na hamezi haraka. Uji wake hunyweshwa kijiko kimoja kimoja: mama anasubiri koo lipande na lishuke, anamfuta kidevu, ndipo kijiko cha pili kifuate. Kikombe kimoja huchukua karibu saa nzima. Saa saba mchana meza hufungwa tena, kwa sababu binti wa jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto naye ana shughuli zake.

Sera ya Uganda kuhusu ulemavu, kwa sehemu kubwa, imetungwa kwa ajili ya yule wa kwenye baiskeli. Huyu mama na mwanawe haina pa kuwaweka. Ndiyo maana wapo wanaotaka ruzuku ya ulemavu iende moja kwa moja kwa familia kama hii, na wapo wanaopinga.

Nisieleweke vibaya, kwani nchi hii imefanya mambo ambayo majirani walichelewa kuyafanya. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 35, iliwahakikishia watu wenye ulemavu heshima na utu, na ikataja pia ukuzaji wa lugha ya alama. Wana wabunge watano wanaowawakilisha, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 iliwapa viti katika mabaraza hadi ngazi za chini. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997 ikiwa na kikomo cha watoto wanne kwa kila familia, iliagizwa kwamba mtoto mwenye ulemavu apewe kipaumbele katika hao wanne. Naliona agizo hilo kuwa miongoni mwa maamuzi ya busara zaidi kuwahi kufanywa hapa, kwa sababu liliingia hadi sebuleni, mahali ambapo mzazi alikuwa amezoea kuamua peke yake nani asome na nani abaki nyumbani. Kwamba shule nyingi hazikuwa na mwalimu wala choo cha kumfaa mtoto huyo ni habari nyingine, na ni ndefu.

Pesa lakini zimechukua njia nyingine. Ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu hutolewa kwa vikundi ili vianzishe miradi ya kipato, hadi shilingi milioni 5 kwa kikundi. Mpango wa maendeleo ya parishi, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, uliozinduliwa wilayani Kibuku mwezi Februari 2022, unapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi na kutenga asilimia 10 kwa ajili ya wenye ulemavu, nazo huwafikia kama mkopo wa kuzalishia. Njia zote mbili zinamtaka mtu afuge, alime, ashone au auze. Ni kweli kwamba mzazi au mlezi anaweza kuingia kikundini kwa niaba ya mtoto wake, lakini kikundi hukutana, huchanga, huenda kukagua mradi na huhitaji mikono ya kila mwanachama. Mama wa mukene anachokosa kwanza ni saa za mchana. Ukimpa nguruwe watano umemwongezea watano wengine wa kulishwa.

Hoja ya wanaotaka ruzuku iende moja kwa moja kwa familia inaanzia hapo, na ina mashiko ya kisheria pia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unazitaja familia waziwazi: ibara ya 28 inataka watu wenye ulemavu walio maskini pamoja na familia zao wasaidiwe na serikali kubeba gharama zitokanazo na ulemavu, ikiwa ni pamoja na mafunzo, ushauri, fedha na huduma ya kumpumzisha mlezi. Ibara ya 23 inaeleza hata sababu, kwamba familia zipewe taarifa na msaada mapema ili watoto wasifichwe, wasitelekezwe wala wasitengwe. Maneno hayo ni mazito. Yanamaanisha kwamba mtoto anayefungiwa ndani si lazima awe na wazazi wakatili. Mara nyingi ana mzazi mmoja aliyechoka, ambaye hakuna aliyemweleza mwanawe ana nini.

Mfano wa jirani hauko mbali. Ukivuka geti la Busia, serikali ya Kenya hulipa shilingi 2,000 za huko kila mwezi, zaidi ya shilingi 50,000 za Uganda, kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa muda wote, na anayezipokea ni mlezi. Malipo hayo yana sifa mbaya ya kuchelewa, na kuna miezi hupita mlezi akiwa hajaona kitu. Hata hivyo yapo, na Wasamia wenye ndugu pande zote mbili wanaweza kulinganisha wakiwa mezani.

Upande wa pili nao unastahili kusikilizwa kwa makini kuliko unavyosikilizwa, hasa kwa kuwa miongoni mwa wanaousimamia ni watu wenye ulemavu wenyewe. Vuguvugu lao hapa, ambalo muungano wake wa kitaifa uliundwa mwaka 1987, lilijengwa juu ya kukataa kusemewa. Kwa vizazi vingi fedha, ardhi na hata ndoa za mtu asiyeona au asiyesikia zilikuwa mikononi mwa kaka, mjomba au shangazi, na msaada ulipokuja ulipokelewa na hao hao. Mtu aliyepigana miaka 30 ili jina lake liandikwe kwenye fomu ana haki ya kushtuka akisikia kwamba pesa za ulemavu sasa zitapewa jamaa. Ruzuku ya vikundi, pamoja na mapungufu yake, inamwona mwenye ulemavu kuwa mtu mzima anayeweza kukopa na kulipa. Ukitoka hapo na kurudi kwenye picha ya mzigo wa familia, umerudi nyuma.

Kuna pia suala la nani aingie orodhani. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba asilimia 12.4 ya watu wa miaka miwili na kuendelea walikuwa na ulemavu wa namna fulani. Hakuna bajeti ya Kampala itakayowalipa wote, kwa hiyo lazima uchague ulemavu mkubwa, na lazima awepo wa kuupima. Hapo Uganda ina jeraha la zamani. Mpango wa ruzuku za jamii ulioanza mwaka 2010 ulikuwa na mikono miwili katika wilaya za majaribio: mmoja wa wazee, mwingine wa familia dhaifu, uliotumia hesabu ya alama zilizochanganya umri, uyatima na ulemavu. Ule wa wazee ulieleweka mara moja, kwani umri kila mtu anauona, na baadaye ukasambazwa nchi nzima kwa wenye miaka 80 na kuendelea, shilingi 25,000 kwa mwezi. Ule wa familia uliachwa. Wanakijiji hawakuelewa kwa nini nyumba hii imepata na ile jirani, inayoonekana sawa nayo kwa umaskini, imekosa, na manung'uniko yakauzika mpango ambao kwa karatasi ulikuwa mzuri.

Funzo wanalolitoa wengi ni kwamba ruzuku ya familia haiwezekani. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Kilichokataliwa vijijini kilikuwa fomula, na fomula ile ilichanganya mambo matatu kwa wakati mmoja. Mtoto asiyeweza kukaa, kula wala kujisaidia bila mkono wa mtu haihitaji hesabu kumtambua. Kijiji kizima kinamjua, hata pale ambapo nyumba yake inajaribu kumficha. Ruzuku iliyofungwa kwa hali hiyo peke yake ingekuwa rahisi kuielewa karibu sawa na ile ya umri.

Wapo wanaosema pesa hizo zingefaa zaidi zikajenga huduma: watabibu wa viungo wilayani, walimu wa elimu maalumu kama wale wanaofundishwa Chuo Kikuu cha Kyambogo, karakana za viti vya magurudumu. Hoja hii huwekwa kana kwamba ni lazima kuchagua, na hapo ndipo siikubali. Chukua mtoto mwenye maji kichwani. Mbale kuna hospitali ya watoto ambako Dakta Benjamin Warf na wenzake waliendeleza upasuaji unaoweza kumwepusha mtoto na mrija wa kudumu kichwani, mrija ambao ukiziba mbali na hospitali unaweza kuua. Huduma ya kiwango hicho ipo, imo ndani ya mashariki ya Uganda, na madaktari wa nchi nyingine wamejifunza kwayo. Anayetoka kijiji cha ndani ya Busia kuifuata atapanda bodaboda, kisha teksi hadi Tororo, kisha teksi nyingine. Atalipia kiti cha pili kwa sababu mtoto hawezi kupakatwa. Atalala njiani ikibidi, na meza ya mukene itakuwa imefungwa siku hizo zote. Akikosa nauli atangoja, na kichwa kitaendelea kukua. Hata kwenye vituo vya serikali, ambako ada zilifutwa mwaka 2001, matibabu ya bure huanza pale mtu anapofika mlangoni. Ruzuku ndogo ya mwezi ndiyo ingemfikisha.

Hofu ya wenye ulemavu juu ya pesa kuliwa na jamaa ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, na haiondolewi kwa kusema mama hawezi kumwibia mwanawe. Wapo wanaoiba. Njia ninayoiona ni kuandikisha ruzuku kwa jina la mtoto mwenyewe, mlezi akiwa mpokeaji tu, na kumpa diwani anayewakilisha wenye ulemavu katika kata, mtu ambaye tayari yupo kwa mujibu wa sheria, haki ya kuingia nyumbani na kumwona mtoto mara kadhaa kwa mwaka. Mtoto akifikisha miaka 18 na kuweza kuamua, kwa sauti au kwa ishara, anayezipokea abadilishwe kama anataka. Ruzuku ya vikundi ibaki ilivyo kwa wale wa kwenye baiskeli.

Itabaki kazi ya kutengeneza orodha ya kwanza, na hiyo, kwa Busia, isifanywe kwa fomu za Kiingereza zinazobandikwa ukutani mwa ofisi ya kata. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akiulizwa kwa Kiswahili au Kisamia ni nyumba ipi ambayo mama yake hafiki mazishini wala harusini, atanyoosha kidole bila kufikiri.