Riba Kubwa Haitoshi Kuilinda Sarafu

Sarafu inapoporomoka, macho yote huielekea benki kuu, na hatua inayotarajiwa kwanza ni kupandisha riba. Hoja ya wanaoitetea hatua hiyo ina mashiko: mwekezaji hupeleka fedha zake panapomlipa zaidi, na ili anunue hatifungani (hati za kuikopesha serikali) za nchi fulani hulazimika kwanza kuinunua sarafu ya nchi hiyo. Marekani ilipoanza kupandisha riba Machi 2022, huku Japani ikiiacha yake chini ya sifuri, dola moja iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban yen 115 ilivuka yen 150 kufikia Oktoba mwaka huohuo.

Hata hivyo, Uingereza ina kisa kinachoipa hoja hiyo doa. Tarehe 16 Septemba 1992, serikali ilipandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12 na kutangaza kwamba ingefika 15, lakini jioni ya siku hiyo pauni ikaondolewa katika mfumo wa viwango vya ubadilishaji wa Ulaya, uliozitaka nchi wanachama kuzuia sarafu zao zisishuke chini ya kiwango kilichokubaliwa. Uchumi ulikuwa umedorora, na wenye mikopo ya nyumba, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata riba ya soko, wasingeweza kuubeba mzigo huo kwa muda mrefu. Walanguzi wa sarafu, waliokuwa wakiiuza pauni wakitarajia ishuke, walilijua hilo, kwa hiyo kila nyongeza ya riba waliisoma kama dalili ya kuishiwa nguvu.

Urari wa biashara, yaani tofauti kati ya mauzo ya nje na manunuzi kutoka nje, na akiba ya fedha za kigeni, ambayo benki kuu huitumia kuinunua sarafu yake, vina uzito wake pia. Thailand iliiachia sarafu yake, baht, ielee, yaani thamani yake iamuliwe na soko, Julai 1997 baada ya akiba hiyo kukaribia kukauka. Lakini kwa maoni yangu, kipimo kinachopuuzwa mno ni riba baada ya kutoa mfumuko wa bei. Uturuki ilishusha riba kutoka asilimia 19 hadi 14 mwishoni mwa 2021 wakati bei zikipaa, na lira ikapoteza zaidi ya asilimia 40 ya thamani yake dhidi ya dola mwaka huo. Baadaye ilibadili mwelekeo, hadi riba ikafika asilimia 50 Machi 2024, lakini lira iliendelea kushuka, ingawa kwa kasi ndogo zaidi. Mfumuko wa bei wa mwaka mmoja hadi Machi hiyo ulizidi asilimia 68, hivyo aliyeweka akiba kwa lira bado alikuwa akipata hasara.