Baba Krismasi, watu wa Mirihi na roboti wa maboksi

Watu wa sayari ya Mirihi, nyuso wamezipaka rangi ya kijani, wametua Ncha ya Kaskazini kumteka Baba Krismasi. Wanamtanguliza roboti wao, Torg, aingie karakana ya vitu vya kuchezea amkamate mzee. Ukimtazama vizuri huyo Torg, ni kama maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, na ndani yake kuna mtu anayetembea kwa taabu. Baba Krismasi hakimbii. Anamfurahia roboti kama mwanasesere mkubwa ajabu, na tangu hapo Torg hasikii tena amri za mabwana zake. Amechukuliwa kama kitu cha kuchezea, basi amegeuka kitu cha kuchezea.

Tukio hilo limo katika Santa Claus Conquers the Martians, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1964. Iliongozwa na Nicholas Webster, mtayarishaji akiwa Paul L. Jacobson, kwa bajeti inayotajwa kuwa kama dola 200,000. Walipigia picha Long Island, New York, ndani ya jengo lililokuwa hangari la ndege. Mwaka huohuo Hollywood ilitoa My Fair Lady iliyogharimu dola milioni 17, fedha ambazo zingetosha kutengeneza filamu 85 za namna hii.

Sifa yake mbaya inajulikana. Mwaka 1978 Harry Medved na Randy Dreyfuss waliiingiza katika kitabu chao cha filamu 50 mbovu kuliko zote. Desemba 1991 kipindi cha televisheni cha Mystery Science Theater 3000, ambamo mtu mmoja na maroboti wake wawili hukaa mbele ya skrini wakiisema filamu tangu mwanzo hadi mwisho, kiliichukua ikawa kicheko cha nchi nzima. Hadi leo watazamaji wanaoipigia kura mtandaoni wanaipa alama zisizofika hata nusu ya kumi. Wapo pia wanaoitetea, na utetezi wao karibu wote unaishia kwenye sentensi moja: hii ni ya watoto, mwacheni.

Mimi naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Mmoja anaihukumu kwa umaskini wake, mwingine anaisamehe kwa umaskini huohuo. Hakuna anayeuliza waliokuwa na hizo dola 200,000 walizitumiaje.

Tuanze na hadithi, kwa sababu hapo haihitaji kuonewa huruma. Watoto wa Mirihi wamepoteza hamu ya kula, usingizi hawapati, kutwa wamekodolea macho televisheni inayonasa vipindi vya Duniani. Kiongozi Kimar anamwendea Chochem, mzee wa miaka 800, kuomba ushauri. Mzee anamwambia kwamba watoto wao hujazwa elimu na mitambo tangu wakiwa wachanga, wana akili za watu wazima ndani ya miili ya watoto, na utoto wenyewe hawajawahi kuuonja. Dawa yake ni kucheza. Kwa hiyo Kimar anamteka Baba Krismasi pamoja na Billy na Betty, ndugu wawili wa Duniani, huku Voldar, anayeamini kwamba michezo italegeza taifa la mashujaa, akifanya kila hila kuharibu. Mzazi aliyewahi kumsindikiza mtoto wa darasa la tatu tuisheni katikati ya likizo ya Desemba atamwelewa Chochem bila mkalimani. Wazo hili lingeweza kubeba filamu ya dola milioni 17.

Sasa upande wa mashtaka, na mashtaka yapo. Kuna dubu wa barafu ambaye ni mtu aliyevaa vazi la manyoya. Silaha za watu wa Mirihi ni bunduki za plastiki za kuchezea watoto. Mabomba kwenye kofia zao yanatikisika. Katika orodha ya majina ya watengenezaji, neno la Kiingereza la mavazi limekosewa herufi, na hakuna aliyelisahihisha kabla filamu haijaenda sinema. Haya yote ndiyo huchekwa, na ndiyo yanayonishughulisha kidogo kuliko yote.

Sababu niliipata Moshi, Krismasi iliyopita. Nilikuwa kwa dada yangu, sote tukisubiri wageni wa mkesha, nikawawekea wanawe filamu hii kwenye kompyuta, nami nikikaa pembeni kutafsiri. Dubu alipotokea, mdogo, wa miaka mitano, akaniambia kwa uhakika kabisa, "Mjomba, huyo si dubu. Ni mtu." Sekunde chache baadaye, dubu alipowakaribia wale watoto wawili, akajificha nyuma ya mgongo wangu. Alijua ni mtu na bado aliogopa. Watoto wanaocheza kombolela na kupika ugali wa mchanga hawahitaji udanganyifu uliokamilika. Wanahitaji kupewa nafasi ya kuingia. Vazi la dubu liliwapa, hata kama lilishonwa kwa fedha kidogo.

Lakini kuna sehemu nyingine waliyoikataa. Watu wa Mirihi wanapoikaribia Dunia, filamu inaingiza picha za kumbukumbu za jeshi: ndege za kivita za Marekani zinaruka, zinajazana mafuta angani. Ndege hizo hazimpati mtu, hazibadilishi chochote katika hadithi. Zimewekwa kujaza muda. Kwa filamu ya dakika 81, muda huo ni mrefu. Wapwa zangu wote wawili waliondoka kimya kimya kwenda kuangalia mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba, na sikuwalaumu. Hapo ndipo hatia ya filamu hii ilipo kwa maoni yangu. Mtu aliyekosa fedha za kutengeneza dubu hana kosa, amejitahidi. Mtu aliyemjazia mtoto dakika kwa vipande vya ndege za jeshi, akijua kwamba mtoto hawezi kudai kiingilio chake, huyo amemdharau mtoto. Kauli ya "ni ya watoto" ndiyo inayompa ruhusa.

Kuna ushahidi pia wa kinyume chake, watu waliofanya kazi kana kwamba wanaowaigizia ni wazee wa heshima. John Call, Baba Krismasi mwenyewe, alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na anacheka kicheko kinachotoka tumboni kweli. Bill McCutcheon, anayeigiza Dropo, yule mvivu wa Mirihi asiyeweza kukaa bila kufanya mzaha, alikuja kushinda Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani ya Marekani, mwaka 1988. Hakuna hata tukio moja ambalo amelilegezea kamba. Wapwa zangu walikuwa bado kwa mbuzi, Dropo akatokea, nao wakarudi mbio.

Nikiwa natafsiri, niliwaza juu ya vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, vya utotoni mwetu. Pale pia kulikuwa na mtu anayesema juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho, kama yule wa kipindi cha 1991 na maroboti yake. Ila mtafsiri wa kibandani alisema ili sisi tuingie. Alimpa adui jina la Kiswahili, alijua mahali pa kunyamaza, na filamu iliyochakaa ilitoka kinywani mwake ikiwa mpya. Yule wa Marekani alisema ili watazamaji wabaki nje, salama, wakiitazama filamu kwa mbali. Sisemi kazi yake haina ufundi, ina ufundi mwingi. Lakini kizazi kizima kimeijua filamu hii kwa kupitia kicheko chake tu, na mtu aliyefundishwa kucheka kabla hajatazama ni shahidi dhaifu.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Filamu hii haina mwenye hakimiliki, kila mtu anaweza kuinakili na kuiuza. Ndiyo maana imeenea, na ndiyo maana wengi wameiona katika nakala ya nakala, kijani kimekuwa kijivu na sauti inakwaruza. Ilipigwa kwa rangi, rangi zenyewe kali za pipi. Watazamaji wengi wanaihukumu sura ambayo haikuwa nayo siku ilipotoka.

Hata hivyo kuna tukio moja siwezi kulitetea. Voldar anawafungia Baba Krismasi, Billy na Betty katika chumba cha mlango wa chombo, akikusudia watupwe anga za juu wafe. Wanaokoka, lakini yule mpwa wangu mdogo hakucheka tena kwa muda mrefu, na mama yake aliniangalia kwa jicho ambalo kaka yeyote analijua.

Mwishoni Baba Krismasi anarudi nyumbani, na Mirihi inahitaji Baba Krismasi wa kwake. Anapewa kazi hiyo Dropo, ambaye mapema alijivalisha joho jekundu na kujaza mto tumboni ili afanane naye. Mkubwa, wa miaka tisa, aliona ni utapeli. "Ule si mto tu, Mjomba? Yeye si Baba Krismasi." Mdogo akamkatalia kwa hasira: Dropo anapenda watoto na amevaa nguo nyekundu, sasa anataka nini tena? Walibishana hadi wageni walipogonga geti.