Kwenda Polepole ni Kazi Yenye Mshahara: Lita Saba kwa Saa

Kila mafuta yanapopanda bei, ushauri ule ule hurudi: punguza mwendo. Na kila ukirudi, wengi huupokea kwa kuguna. Anayekwenda kilomita 90 kwa saa wakati wenzake wako 120 huonekana mwoga, au mzee, au mtu aliyeishiwa. Hata wanaoutetea ushauri huu huutetea kwa methali, na methali haimjibu mtu anayeuliza swali la haki kabisa: dakika zangu nitalipwa na nani? Swali hilo linastahili hesabu. Nimeipiga mara nyingi, na jibu lake ni zuri kuliko watu wanavyodhani, ingawa ziko safari ambazo jibu ni baya na nitazitaja.

Tuanze na upepo, maana ndio unaokula tangi. Ukinzani wa hewa haupandi sawasawa na mshale wa spidi. Unapanda kwa mraba wake. Ukitoka 90 kwenda 120 umeongeza mwendo kwa theluthi moja tu, lakini hewa inayolizuia gari imeongezeka nguvu kwa asilimia 78 hivi. Tairi nazo zinavutana na barabara, ila mvutano huo haubadiliki sana gari likiongeza mwendo. Kwa gari dogo la kawaida, mahali fulani kati ya 60 na 80 upepo huipita tairi kwa ulaji wa mafuta, na kuanzia hapo kila kilomita unayoongeza kwenye spidi inalipiwa ghali kuliko iliyotangulia.

Hapo hapo niseme jambo ambalo watetezi wa mwendo mdogo hulisahau. Injini haipendi kufanya kazi kidogo mno. Inapozunguka kuna mafuta inayoyala kwa kujiendesha yenyewe tu, gari liwe linakwenda au limesimama, na ukijikokota kwa 40 katika gia ya tatu mafuta hayo yanagawanywa kwa kilomita chache. Ndiyo maana magari mengi ya petroli na dizeli hula kidogo zaidi yakiwa kati ya 60 na 90 hivi, gia ya juu kabisa, mguu umetulia. Chini ya hapo, kujikokota hakuokoi kitu.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua gari linalokula lita 8 kwa kila kilomita 100 likiwa 120, na lita 6 likiwa 90. Ni viwango vya kawaida kwa gari la petroli la ukubwa wa kati. Lako likila tofauti, badilisha tarakimu. Kilomita 100 kwa mwendo wa 120 ni dakika 50. Kwa 90 ni dakika 66 na sekunde 40. Umepoteza dakika 16 na sekunde 40, umebaki na lita 2 kwenye tangi. Zigeuze hizo dakika ziwe saa, na utaona kwamba muda ule wa ziada umekulipa lita 7.2 kwa saa.

Naomba msomaji akae na tarakimu hiyo kidogo. Lita saba kwa saa. Chukua bei unayonunulia mafuta, izidishe kwa saba, kisha ulinganishe na kile unachobaki nacho mkononi kwa saa moja ya kazi yako, baada ya kodi na makato. Mshahara huu wa barabarani haukatwi kodi, maana pesa ambayo hukuitumia hakuna anayekuja kuidai. Hauna mwisho wa mwezi wala kucheleweshwa. Uko tayari ndani ya tangi. Kwa watu wengi sana duniani, saa hiyo ya kuendesha polepole inalipa vizuri kuliko saa yoyote nyingine ya siku yao. Kwa wengine hailipi, na hao wana haki ya kukanyaga mafuta kwa kiasi ambacho sheria inawaruhusu. Lakini wangapi kati yetu tumewahi kuipiga hesabu hii kabla ya kuamua kwamba tuna haraka?

Na mshahara wenyewe haulingani kila mahali, jambo ambalo naliona ndilo kiini cha hoja. Anayeshuka kutoka 140 hadi 120 anapoteza dakika 7 tu kwa kilomita 100. Ikiwa gari lile lile linakula karibu lita 10 kwa 140, basi dakika hizo saba zimemlipa lita 2, yaani zaidi ya lita 15 kwa saa. Anayeshuka kutoka 90 hadi 80 anapoteza dakika 8 na sekunde 20 kwa kuokoa labda nusu lita: chini ya lita 4 kwa saa. Akiendelea kushuka hadi 70, anafanyia kazi mshahara usiofika lita 2. Kwa hiyo anayestahili kusikia ushauri huu zaidi ni yule anayekimbia kuliko wote, na ndiye anayeucheka zaidi. Yule mwenye gari kuukuu ambaye tayari yuko 80 hana haja ya kubanwa. Amekwisha kuchuma sehemu kubwa ya kilichokuwapo.

Mpaka hapa nimemfanyia mwenda kasi hisani, kwa sababu nimejifanya kwamba anayekwenda 120 anafika kana kwamba alikwenda 120 njia nzima. Safari halisi haziko hivyo. Kila dereva amewahi kuliona gari lile linaloonekana kwanza kama taa mbili kwenye kioo, likakusogelea mpaka huioni namba yake, likakupita kwa mngurumo na kupotea kwenye kona. Robo saa baadaye unafika kwenye taa za barabarani na kulikuta limesimama mbele yako, taa zake za breki zimewaka, moshi mwembamba unatoka kwenye ekzosi. Dakika alizodhani amezipata amezitumia kusubiri taa nyekundu. Mafuta aliyoyachoma kuzipata hayarudi.

Nayo breki ina gharama yake ambayo haiandikwi popote. Kulifikisha gari la tani moja na nusu kwenye mwendo wa 100 kunahitaji petroli ya mililita 70 hivi, ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa. Kwa 120 ni karibu mililita 100. Ukikanyaga breki mpaka ukasimama, kikombe hicho kimegeuka joto kwenye diski na pedi. Dereva anayekimbilia kila foleni, kila tuta na kila mzunguko anamwaga vikombe hivyo siku nzima. Mjini, ambako hakuna anayefika 120, hapa ndipo pa kuokoa: angalia mbali, ondoa mguu mapema, acha gari litembee lenyewe kuelekea taa nyekundu. Mwendo wa juu kabisa uliofikia una uzito mdogo mjini kuliko idadi ya mara ulizosimama na kuanza upya.

Sasa upande wa pili, ambao una watu wenye akili na hoja nzito.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya basi. Gari lenye mtu mmoja linagawa mshahara kwa mtu mmoja. Basi lenye abiria 50 likishuka kutoka 100 hadi 80 linachelewa dakika 15 kwa kilomita 100, na dakika 15 za watu 50 ni saa kumi na mbili na nusu za maisha ya watu. Hata basi hilo likiokoa lita 5, ukizigawa kwa saa hizo unapata chini ya nusu lita kwa saa ya mtu. Kwa hesabu ya mafuta peke yake, basi halina sababu ya kwenda polepole, na anayesema vinginevyo hajaipiga hesabu. Sababu ya kulibana basi ni nyingine: nishati ya mgongano nayo hupanda kwa mraba wa mwendo, na roho 50 ziko ndani. Sababu hiyo inatosha kabisa, ila tusiichanganye na bei ya mafuta.

Hoja ya pili ni ya usalama wa anayekwenda polepole kati ya wenda kasi. Kwenye barabara ya njia mbili isiyo na ukuta katikati, gari la 70 hukusanya mkia wa magari nyuma yake, na katika mkia huo hakosekani mmoja mwenye pupa atakayetoka kupita mahali pasipofaa. Hili ni la kweli na silipingi. Anayechagua mwendo wake ana wajibu wa kukaa kushoto au kulia kwa kadiri sheria ya barabara yake inavyotaka, kupisha, na hata kutoka pembeni mkia upite. Lakini tuangalie mwendo unaozungumzwa. Kwenye barabara kuu nyingi malori yenyewe yana vidhibiti mwendo. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, malori mazito hufungwa kifaa kinachoyazuia kupita 90. Anayekwenda 90 kwenye njia ya malori anakwenda na msafara uliopo.

Hoja ya tatu inahusu sheria, na hapa wapinzani wana historia upande wao. Baada ya vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vilivyoanza Oktoba 1973, Rais Richard Nixon wa Marekani alitia saini Januari 1974 sheria iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, karibu kilomita 89. Madereva wengi hawakuitii, hasa kwenye barabara ndefu za magharibi, na mafuta yaliyookolewa yakawa haba kuliko matumaini. Mwaka 1987 majimbo yaliruhusiwa kupandisha hadi maili 65 kwenye barabara kuu za mashambani, na 1995 kikomo cha taifa kikafutwa. Hispania nayo ilishusha kikomo cha barabara zake kuu kutoka 120 hadi 110 Machi 2011, bei ya mafuta ilipopanda, na kabla ya miezi minne kwisha ikakirudisha. Watu hawapendi kuamriwa kuokoa pesa yao wenyewe. Hata hivyo, vifo vya barabarani Marekani vilishuka kutoka takriban 54,000 mwaka 1973 hadi takriban 45,000 mwaka 1974. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kuendesha kidogo mwaka ule wa dhiki, lakini mwendo nao ulikuwa na mchango wake.

Kushindwa kwa amri, hata hivyo, hakuivunji hesabu ya mtu mmoja. Walioipiga kwa makini kuliko wote ni wafanyabiashara wa baharini. Ilipofika msukosuko wa uchumi wa 2008, mafuta yakiwa ghali na mizigo michache, kampuni za meli za makontena, Maersk ikiwa mstari wa mbele, zilipunguza mwendo wa meli zilizojengwa kwenda karibu maili 25 za baharini kwa saa. Majini nguvu ya injini inayohitajika hupanda kwa takriban mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kupunguza kidogo kuliokoa sana. Safari zilirefuka kwa siku kadhaa, ikabidi kuongeza meli ili ratiba zisivunjike, na bado walipata faida. Hakuna anayeziita kampuni hizo waoga.

Linabaki jambo moja ambalo nadhani ndilo linalokwamisha ushauri huu kuliko ubishi wote niliotaja. Mara nyingi mwenye mguu kwenye pedeli siye anayenunua mafuta. Dereva wa gari la kampuni akienda 90, lita 2 zinabaki kwa tajiri, na dakika 17 zinatoka kwenye jioni yake, kwa watoto wake. Anayelipwa kwa idadi ya safari amewekewa mshahara wa kukimbia, halafu anabandikiwa karatasi dirishani inayomwambia apunguze mwendo. Siwezi kumlaumu mtu huyo. Mwenye gari anayetaka mafuta yake yapungue aanze kwa kurekodi kila tangi linavyokwenda, lijazwe mpaka bomba lijikate lenyewe, kilomita ziandikwe, na kile kilichookolewa kigawanywe kati yake na dereva mwisho wa mwezi. Nusu ya lita saba kwa saa, ikiwekwa mkononi mwa dereva, ataipigia hesabu mwenyewe.